Kombe Lenye Pembe

Mashindano yetu ya vyuo vya Mwanza yalichezwa misimu mitatu tu, yakafa. Mpaka leo mtu akiniuliza yalikufaje, nasita kumjibu, maana nikisimulia naonekana natunga.

Kombe lenyewe lilikuwa dume la ng'ombe. Mzee mmoja wa Misungwi alilitoa baada ya kumzika mwanawe, aliyekuwa kiungo wa timu yetu. Kijana huyo ndiye aliyemlea dume tangu akiwa ndama. Masharti yalikuwa rahisi: bingwa anamfuga mwaka mzima, siku ya fainali anamleta, anazungushwa uwanjani, mzee anamshikashika, basi. Kuchinja hakuna. Siku hiyo mzee aliisubiri kuliko Krismasi.

Fainali ya tatu tuliifuata Igoma, kwa mabingwa watetezi. Jamani, wale watu walitukirimu! Kabla ya mechi tulipewa pilau, nyama ya kumwaga. Nilikaa karibu na mzee, naye alikula vizuri tu, akawasifu wapishi.

Tukashinda. Nikiwa nahodha, nikamfuata nahodha wao nikamwambia sasa amtoe dume, mzee anasubiri. Akanitazama kama nimelewa.

"Dume gani tena? Si ndiye tuliyemla mchana?"

Nilidhani ananitania. Wapi! Waliotwaa ubingwa mwaka uliopita walikuwa wameshahitimu, wakaondoka bila kuwaeleza wadogo zao chochote, na hawa wapya wakajua zizini kuna ng'ombe wa sherehe. Nilimwita mjinga mbele ya watu. Hivi mtu unachinjaje ng'ombe uliyemkuta tu, bila hata kuuliza ni wa nani? Hasira zilipopungua nikakumbuka kuwa na mimi nilikuwa nimeshiba.

Mzee alikuwa ameshasimama katikati ya uwanja, mkononi kamba mpya aliyoisuka mwenyewe. Hakuna aliyetaka kwenda. Nikaenda mimi, nikamweleza yote nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakufoka.

"Na mimi nilikula?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

Akaketi pale pale kwenye nyasi.

"Niliomba hadi mfupa," akasema.