Njia ya Ng'ombe Juu ya Tuta

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayeteremsha mvua kwa kipimo akaihuisha ardhi iliyokauka. Namshukuru kwa miguu yangu miwili, maana ndiyo iliyonilisha mimi na wanangu, na namshukuru kwa wakubwa wa kazi walionifundisha kuitumia. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, nawaandikia ninyi vijana mnaochimba malambo mashambani kwenu, mpate kujua tulivyoyatunza sisi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vyeusi. Mama alivinunua sokoni Mkuyuni, karibu na kwetu, akavipiga rangi mwenyewe na kuniombea dua mlangoni. Mkuu wa ofisi ya maji ya wilaya tulimwita Bwana Maji. Alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache na kofia ya pama iliyopauka. Hakunionyesha meza wala kiti. Alinipandisha kwenye gari, tukaenda mpaka kwenye lambo la mkulima mmoja, kisha akaniambia nivue viatu.

"Vyote viwili, mzee?"

"Kwani una vingapi?"

Nikavua. Akanituma nitembee peku chini ya tuta, upande usio na maji. Tuta ni ule ukuta wa udongo unaozuia maji yasiende zake. "Kisigino hujua unyevu kabla ya jicho," alisema. Mguu ukikanyaga mahali penye ubaridi na utelezi, ujue maji yanapenya. Yakitoka safi, unayawekea alama na kuyaangalia kila wiki. Yakitoka na tope, yanalibeba tuta lenyewe kutoka ndani, na hapo hakuna kusubiri kesho.

Tulipofika mwisho akaniuliza, "Lambo hubomolewa na nini?"

"Maji mengi, mzee."

"Maji mengi yana mlango wake." Akanionyesha utoro, yaani mfereji mpana wa pembeni ambamo maji ya ziada hutoka kwa adabu kabla hayajafika juu ya tuta. "Lambo hubomolewa na mahali pamoja padogo. Kazi yako ni kupatafuta."

Nilirudi nyumbani jioni na viatu mkononi, bado vinang'aa. Mama aliponiona aliuliza kama nimefukuzwa kazi.

Nilikaa na Bwana Maji miaka ya mwanzo, nikapelekwa ng'ambo ya Kigongo, enzi za kusubiri kivuko nusu siku, chini ya Mhandisi Msaidizi aliyenifundisha kuandika taarifa fupi. Kisha nikarudishwa kwa Bwana Maji nikiwa fundi sanifu kamili, nikidhani najua kila kitu. Hapo ndipo nilipokutana na Mzee Masanja.

Mzee Masanja alikuwa mfugaji, na lambo lake alilijenga mwenyewe kabla sijazaliwa. Hakuwa na mtambo. Alimwaga udongo tabaka kwa tabaka, na kila tabaka akalipitishia ng'ombe wake wote, kwenda na kurudi, mpaka likashindiliwa likawa gumu kama sakafu. Ni njia nzuri na sahihi; kwato nyingi hufanya kazi ya mtambo. Shida ni kwamba ng'ombe hawakuambiwa kuwa ujenzi umekwisha. Waliendelea kupita juu ya tuta kila siku, kutoka zizini kwenda malishoni, mahali palepale. Nilipolikuta, njia yao ilikuwa imelila tuta, likabonyea katikati kama tandiko la punda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, kijana wa mjini. Umekuja kunywa maziwa au kunisumbua?"

"Vyote, Mzee." Nikamweleza kuwa ng'ombe wasipite tena juu ya tuta.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Ng'ombe ndio waliolijenga! Fundi aliyejenga nyumba ataibomoaje? Kadiri wanavyokanyaga, ndivyo linavyokaza."

Chini ya lambo, umbali wa kurusha jiwe mara mbili, ilikuwepo nyumba ya mwanawe wa kiume, mkewe na watoto watatu, na majaruba yao ya mpunga. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwani. Niliporudi ofisini kueleza, Bwana Maji hakupandisha sauti. "Wiki mbili," alisema. "Asipolitengeneza, tutalikata tuta na kuyatoa maji yote. Siwezi kupata usingizi ilhali watoto wale wako chini." Lakini kulikata lambo kulikuwa na maana ya kuwapeleka ng'ombe wote kunywa ziwani, mwendo wa nusu siku kwenda na nusu kurudi. Mzee Masanja asingebaki na kundi.

Nilisali usiku ule nikaomba busara. Dua haizibi shimo, lakini humkumbusha mtu alipoweka jembe. Mimi nilikumbuka mpira.

Ofisini tulikuwa na mpira mwembamba unaoonyesha maji yaliyomo ndani, mrefu wa kuvuka tuta. Ukiujaza, maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja, hata kama mmoja yuko mlimani na mwenzake bondeni. Asubuhi nilimpa Mzee ncha moja, akasimama kwenye mwisho wa tuta palipo juu. Mimi nikashika ya pili, nikasimama katikati ya njia ya ng'ombe.

"Maji yako wapi kwako, Mzee?" nilipaza sauti.

"Magotini!"

"Kwangu yako kitovuni!"

"Mpira wako unadanganya. Ni wa serikali."

"Basi tubadilishane."

Tukabadilishana. Mzee akasimama kwenye njia ya ng'ombe, akautazama mpira, akautikisa, akautazama tena. Maji yalikuwa kitovuni kwake.

"Maji ya lambo yakijaa mpaka kwenye magoti yangu hapa juu," nikamwambia, "wewe hapo uko wapi?"

Aligeuka akatazama chini, kwenye nyumba ya mwanawe. Mkwewe alikuwa anaanika mpunga uani na mtoto mgongoni. "Mimi naogelea," alisema taratibu. "Na wale je?" Kisha akapiga fimbo yake chini. "Haya, fundi. Sema unataka nini kabla sijabadilisha mawazo."

Kilichofuata ni siku tisa za furaha kubwa katika maisha yangu ya kazi. Tulichimba ile njia mpaka tukafikia udongo imara, tukaukwaruza kwa majembe, maana udongo mpya haushikani na uso laini. Ni kama kiraka bila uzi. Tulileta udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ule mweusi wa mbugani tuliuacha, kwa sababu hupasuka kiangazi. Wanawake walinyunyiza maji kwa ndoo. Udongo wa tuta hupimwa kama tonge la ugali: ukiufumbata ushikane, ukiuvunja ukatike safi. Ukiganda vidoleni umezidi maji.

Halafu tukawaita wajenzi wa zamani. Kundi lote lilipitishwa juu ya kila tabaka, vijana wakiimba nyimbo za kulima, mbele akitangulia dume jeusi ambalo Mzee alilipa jina la Diwani. Bwana Maji alifika siku ya saba. Akavua viatu, akatembea juu ya kazi yetu, akabonyeza kisigino hapa na pale.

"Nani msimamizi?" akauliza.

Nikajinyoosha, tayari kupokea sifa. Mzee Masanja akajibu kabla yangu: "Diwani. Huyu kijana alishika mpira tu."

Ndiyo mara pekee niliyomwona Bwana Maji akicheka.

Siku ya mwisho tulifunga ncha zote mbili za tuta kwa miiba na kupanda minyaa iwe ua wa kudumu. Ng'ombe tukawachongea njia nyingine kuzunguka nyuma ya lambo. Diwani hakukubali. Alisimama mbele ya miiba siku tatu akinguruma, na Mzee kila akipita ananilaumu: "Umemfungia mheshimiwa ofisi yake."

Mvua ikaja, tena ya kweli. Nilifika asubuhi nikiwa nimelowa, nikamkuta Mzee amesimama kando ya utoro na fimbo yake. Lambo lilikuwa limejaa kuliko alivyowahi kuliona. Maji ya ziada yalikuwa yanatoka utoroni, mapana na tulivu. Tulipima kwa fimbo: yangekuwa yamepita juu ya ile njia ya zamani kwa kiasi cha kiganja. Chini kule moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa mkwewe.

"Nenda ukanywe uji," Mzee aliniambia. "Wamekuwekea."

Nilistaafu baada ya kukagua matuta mengi kuliko ninayoweza kuyakumbuka. Sasa naishi Butimba, na miguu hii imeanza kudai likizo yake. Mwaka huu, kabla ya vuli, nilialikwa kwa hayati Mzee Masanja. Lambo analisimamia mjukuu wake, Kabula, ndiye yule mtoto aliyekuwa mgongoni siku ya mpira. Minyaa imekuwa ukuta. Baada ya shikamoo na maziwa, alitoa mpira kwenye ndoano ukutani.

"Babu, umefika siku nzuri. Leo tunapima magoti."

Kumbe kila mwaka kabla ya mvua hufanya hivyo, familia nzima. Hakuna mtambo wala barua ya ofisi, ila mpira na watu wawili wanaosemeshana. Alinipa ncha moja, nikavua viatu vyangu. Yeye akaenda kusimama pale ilipokuwa njia ya ng'ombe.

"Yako wapi kwako, babu?"

"Magotini!"

"Na kwangu magotini!"

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie mvua yenye heri na tuta lisilo na mahali padogo palipofichika. Awalinde wote wanaolala chini ya maji yako, akupe na jirani wa kukushikia ncha ya pili. Amina.