Sampuli Namba Ishirini na Nne

Kiwandani walimwita Mama Vipimo, na jina lilimganda hata mabawabu wapya wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Walimtania kwamba chai haionji mpaka aipime kwanza. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na moja, mwenye mwendo wa haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni, na miaka ishirini na miwili ya maisha yake ilikuwa imeishia katika chumba kimoja cha dirisha moja, juu ya ghala la mahindi, akitafuta sumu.

Sumu yenyewe haionekani kwa macho. Huletwa na ukungu unaoota kwenye punje zilizowekwa ghalani zikiwa na unyevu. Ukizisaga, unga hutoka mweupe vilevile na harufu yake nzuri vilevile, lakini sumukuvu imo, na ini la mlaji huumia pole pole, mwaka hadi mwaka. Watoto ndio hudumaa bila mtu kujua kwa nini. Kwa hiyo Mama Vipimo hakuiona kazi yake kuwa ya kusubiria mshahara. Mzigo ukizidi kiwango aliuandikia barua nyekundu, ukarudishwa. Wachukuzi walimnunia, yeye akawaambia, "Nuneni tu, wanangu. Mtanishukuru mkiwa wazee."

Aliyemfikisha hapo ni kaka yake mkubwa. Baba yao alipofariki, kaka aliacha shule akashika mashine ya kusagia aliyoiacha mzee, injini moja ya dizeli iliyonguruma kwenye banda nyuma ya nyumba, na kwa mashine hiyo akamsomesha mdogo wake mpaka chuo. Jioni alikuwa akiingia ndani mweupe pepepe, nywele mpaka kope, anaketi na kukagua madaftari ya dada yake. Hesabu zenyewe hakuzijua, ila mwandiko aliujua.

"Hii nne yako imekaa kama kiti kilichovunjika mguu," angesema. "Futa, andika upya."

Alifuta akaandika upya, lakini nne yake haikunyooka mpaka leo.

Basi serikali ikatangaza kwamba inataka kanuni mpya za unga. Kila unga unaouzwa uongezwe madini ya chuma na vitamini, na kila unga upimwe sumukuvu. Mama Vipimo alipoisikia habari hiyo redioni alipiga makofi peke yake jikoni. Jambo hilo alikuwa amelililia kwa miaka kumi. Kamati ikaundwa: watatu wa serikali, daktari mmoja wa watoto, na watano wa viwanda, kwa maana, kama alivyosema mkuu wa idara ya usalama wa chakula, huwezi kumtungia mtu sheria ya jiko lake bila kumbishia hodi.

Mkurugenzi wa kiwanda akamwita ofisini.

"Mama, mashine ya serikali ya kupimia imekufa tangu mwaka juzi. Wametuomba tuwasaidie vipimo. Nikawaambia mimi nina mtu."

"Tupime unga upi?"

"Wote. Wetu, na wa hao wenye mashine za vichochoroni."

"Kwa kipimo kimoja?"

"Kimoja. Si wewe unayesema kila siku kipimo hakina ndugu?"

Alitoka pale amejaa fahari kama mtungi wa maji. Kwa wiki tatu alizunguka mitaani na vifuko vyake vya plastiki, akachota unga kwenye mashine ndogo arobaini, kila mfuko akiuandika namba kwa mkono wake. Mashine ya kaka yake ilikuwa ya ishirini na nne. Kaka alikuwa amejichubua vidole kwenye mkanda wa injini, amevifunga kitambaa.

"Chota, mdogo wangu, chota usiogope," alisema. "Unga wangu umekusomesha, leo na wewe uusomeshe."

Wakacheka wote wawili.

Majibu yalipotoka aliyaandika kama yalivyokuwa. Katika mashine ndogo arobaini, tisa zilikuwa na sumukuvu kupita kiwango, na hakuna hata moja iliyotia vitamini. Ya kaka yake haikuwa na sumu. Katika mizigo kumi na miwili ya kiwanda, mitatu ilizidi kiwango, yote ikiwa ya mahindi yaliyopita salama mlangoni, yakapata unyevu ghalani msimu wa mvua. Na mashine ya kuchanganyia vitamini ilikuwa ikidondosha nusu tu ya kile kilichoandikwa kwenye mfuko. Kwa ufupi, mkubwa na mdogo walikuwa sawa, pengine mkubwa akiwa amezidi kidogo. Kurasa ishirini. Akazipiga chapa, akazipeleka kwa mkurugenzi.

Siku ya kikao walikutana katika ukumbi wa hoteli, wenye zulia na maji ya chupa mbele ya kila kiti. Mama Vipimo aliketi nyuma ya mkurugenzi wake. Alipogawiwa taarifa aliifungua na kuanza kwa mwisho, kama alivyozoea. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa kumi na saba. Akarudi nyuma, akasonga mbele. Zile tatu za kiwanda hazikuwamo.

Akainama. "Mkurugenzi, kuna kurasa hazipo."

"Zile ni za ndani," alimjibu bila kugeuka. "Tutazishughulikia wenyewe. Ukizimwaga hapa, watu mia nne kesho watafungiwa lango. Unataka hivyo?"

Akarudi kwenye kiti. Daktari wa watoto, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa amenyoosha mkono.

"Ninaona habari za mashine ndogo," alisema. "Unga wa viwanda je? Nao ulipimwa?"

Mkurugenzi akatabasamu. "Viwanda, daktari, vinajipima kila siku iendayo kwa Mungu. Anayetupima ndiye huyu hapa. Mama, si tunapima?"

Nyuso zote zikamgeukia. Aliwaza wale watu mia nne. Alijiwaza na yeye pia, tusimsingizie wema: miaka minne tu ilikuwa imebaki astaafu.

"Tunapima," akasema.

Wala hakusema uongo. Ndiyo maana neno hilo lilimkaa kooni muda mrefu kuliko uongo wowote aliowahi kusema.

Kanuni zikapita. Mashine zote ndogo ziwe na mtambo wa kuchanganyia vitamini na cheti, ndani ya miezi sita, la sivyo zifungwe. Viwanda vyenye maabara zao vitajipima vyenyewe na kupeleka taarifa mara moja kwa mwaka, navyo vikapewa miaka mitatu ya kujizoesha. Magazeti yakaandika kwamba serikali na viwanda vimeshikana mikono kwa ajili ya afya ya mtoto. Kwenye kijitabu cha kanuni, ukurasa wa shukrani, jina lake lilikuwepo. Hakumwonyesha mtu.

Miezi sita ikaisha. Aliyempigia simu ni wifi yake.

"Wifi, njoo. Wamefunga mashine. Kaka yako hasemi."

Alimkuta amekaa bandani juu ya debe lililopinduliwa. Injini ilikuwa imezungushiwa mnyororo na kufuli jipya. Mkononi alishika karatasi aliyoachiwa na mkaguzi, nakala ya orodha ya sampuli. Akamnyooshea.

"Nne yako bado mguu mmoja," alisema.

Mama Vipimo hakuwa na pa kuuweka uso wake. "Kaka, nisikilize."

"Ninakusikiliza. Unga wangu ulikuwa na sumu?"

"Hapana. Ulikuwa safi."

"Sasa kosa langu nini?"

"Hauna vitamini. Sheria inataka mtambo wa kuchanganyia."

"Mtambo ule ni mkubwa kuliko banda hili. Nimeenda kuuona." Akafuta jasho kwa kiganja. "Na unga wenu wewe uliupima?"

"Niliupima."

"Ukawaje?"

Kuku mmoja alikuwa akidonoadonoa unga uliomwagika chini ya kinu. Wote wawili walimwangalia.

"Basi," kaka akasema. "Nimekwisha jibiwa."

Usingizi ulimpaa wiki nzima. Wiki ya pili alizichukua zile kurasa tatu, ambazo nakala yake alikuwa nayo, akazitia kwenye mkoba akaenda kwa mkuu wa idara ya usalama wa chakula. Alipokewa kwa heshima. Aliwekewa chai. Mkuu alizisoma mbele yake, akitikisa kichwa kila aya.

"Umefanya vizuri sana kuja, mama yangu. Watu kama wewe ndio tunaowahitaji. Niachie hizi."

Alitembea kurudi nyumbani akijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu kikao. Ulikuwa wepesi wa siku nne. Siku ya tano mkurugenzi alimwita, na juu ya meza yake zilikuwa kurasa zilezile tatu, na duara la kikombe cha chai cha mkuu wa idara kwenye kona ya juu.

Hakumfokea. Afadhali angefoka.

"Umechoka, mama. Miaka ishirini na miwili si mchezo. Nimekutafutia mahali pa kupumzikia."

Mahali penyewe ni stoo ya mifuko mitupu, nyuma ya karakana. Maabara ilipewa mpimaji mwingine, mpole, asiyeandika barua nyekundu. Wachukuzi waliokuwa wakimnunia walianza kumletea maji ya kunywa, na hilo lilimuuma kuliko yote, kwa sababu alijua wanamhurumia. Mwaka uliofuata mkuu wa idara alistaafu, na mwezi haukupita akatajwa kuwa mshauri wa chama cha wenye viwanda vya unga.

Bado alikuwa na tumaini moja. Alimfuata daktari wa watoto hospitalini, akamngoja kwenye benchi pamoja na akina mama na vichanga vyao, akamweleza yote kuanzia mwanzo. Daktari alivua miwani.

"Kurasa unazo?"

"Walizichukua. Nakala ilikuwa ile ile moja. Na daftari la maabara limebadilishwa."

"Ningefanya nini sasa, mama, na maneno matupu?" Hakusema kwa ukali. "Nilikuuliza mbele ya watu wote. Nilikuuliza kwa sababu nilishuku. Siku ile ndiyo ilikuwa siku yenyewe."

Mama Vipimo alisema ahsante, akainuka.

Kaka hakumnunia. Angemnunia ingekuwa nafuu, ugomvi wa ndugu una suluhu. Anamkaribisha kila Jumapili, anamwita mdogo wangu kama zamani, anamwuliza habari za magoti yake na za paa linalovuja. Kazi ndiyo hamwulizi. Injini iliuzwa kama chuma chakavu, na bandani sasa wanafuga kuku wa watu. Mtaani hakuna tena mashine hata moja. Wote wananunua unga wa mfuko, wenye picha ya mtoto anayecheka na maneno kwamba umepimwa.

Mvua zilipoanza mwaka huu, alimfuata wifi yake jikoni, akarudisha mlango.

"Wifi, miezi hii mitatu msinunue ule unga."

Wifi alikuwa akiufungua mfuko mwingine, ameushika kwa magoti, anaukata uzi kwa meno. Akauachia uzi.

"Sawa, wifi," alisema. "Tule upi?"

Mama Vipimo alisimama pale mlangoni. Kule uani watoto wa nyumba walikuwa wamekwisha nawa mikono.