Mlango wa Buluu wa Makina

Mimi ni mtu wa Kawangware, ila kazi yangu ni kutembeza watalii Kibera, na watalii hupenda kutembezwa na mtu aliyezaliwa palepale. Basi nikajitafutia nyumba ya kuzaliwa: moja ya Makina, humohumo Kibera, yenye mlango wa buluu, ambao kila nikipita umefungwa.

Jumamosi niliwasimamisha hapo wazee wawili Wazungu na mke wa kijana wao, dada mweusi mnyamavu niliyedhani ni Mmarekani. Nikafumba macho. Nikawaeleza mvua inavyoimba juu ya mabati, harufu ya mandazi alfajiri, mama akinifunika kwa leso yake. Maneno yakanilevya hadi nikamkumbuka kabisa huyo mama ambaye sijawahi kumwona. Nilipofumbua macho, yule dada alikuwa anapangusa machozi. Nikajisifu moyoni kwamba leo nimewaweza.

Akanipita polepole, akabisha mlango.

“Mathe, fungua,” akasema kwa Kiswahili cha hapahapa. “Nimekuja na wakwe zangu. Na kuna jamaa hapa anasema pia yeye ni mtoto wako.”

Ndani, komeo likavutwa.