Siku Niliyojipa Ushenga wa Maji Guangzhou

Jamani, hii nikiisimulia mpaka leo natafuta pa kuficha uso, maana nilijiumbua mbele ya watu, mchana kweupe, kwenye duka la pampu, na hakuna aliyenituma.

Mwaka ule misako Guangzhou, kule China, ilikuwa imepamba moto, polisi wanakagua pasipoti hadi kwenye ngazi za Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, viza zinatolewa za siku chache tu, na sisi wa Moshi tunaonunua nguo tunatembea tukiangalia nyuma. Ndipo Salim, Mzanzibari anayesafirisha mizigo, akaniletea wageni wawili: "Dada Anjela, hawa wanatafuta pampu ya maji, wewe maduka unayajua, na kesho usiku wanaondoka, viza zinakwisha." Mmoja Bwana Yusuf, mkulima Mpalestina, mwingine Bwana Dani, Mwisraeli, mwalimu mstaafu. Vijiji vyao vinatazamana, chemchemi ni moja, na wao wenyewe, bila kutumwa na serikali yoyote, walikuwa wamechangisha watu wa pande zote mbili wapate pampu kabla ya kiangazi, maana kwa kina Yusuf mabomba yalikuwa yanakauka wiki nzima.

Nikaganda. (Vita vyao nimevisikia redioni tangu nanyonya!) Nikajiambia, hawa wakishikana mashati hapa hotelini polisi watakuja, na wa kwanza kubebwa ni mimi. Basi nikaamua kajambo kadogo tu, niwatenganishe: hoteli mbili, teksi mbili, kila mtu ale pake, halafu mimi katikati nipeleke maneno. Walishangaa, lakini kwa adabu ya ugenini wakakubali.

Tatizo, ushenga ninaujua. Nimeshaozesha wadogo zangu, na mshenga mzuri haleti neno kama lilivyotoka, analipaka asali kwanza. Yusuf akaniambia, "Mwambie swichi ya kuwashia pampu ikikaa upande wao, heri tusinunue kitu." Nikamfikishia Dani, "Anakusalimu sana, anasema mtaelewana tu." Dani akasema, "Swichi haiwezi kukaa kwao, watu wangu hawatakubali kamwe." Nikarudi kwa Yusuf, "Hana neno, baba, hana neno kabisa." Nikajiona mtu wa maana, hata nikaanza kuwaza nguo ya kuvaa wakiniita Yerusalemu kunishukuru.

Kesho yake dukani, laoban (ndivyo tunavyomwita mwenye duka) ameshaweka pampu mezani, Salim yupo, wabeba mizigo wamejaa mlangoni, Yusuf akasema kwa furaha, "Namshukuru Dani kwa kukubali swichi ikae kwetu."

"Nani? Mimi?" Dani akaruka.

Wee! Wote wawili wakanigeukia. Laoban naye akanigeukia, ingawa hakuelewa hata neno. Nikacheka kicheko cha ajabu, halafu nikaanza kueleza habari za posa na mahari kwa Kiingereza changu cha dukani, na Salim akajifunika uso kwa kofia yake.

Yusuf hakucheka. "Dada, miaka yote tunakaa meza moja. Ananifokea, namfokea, hakuna wa katikati. Sasa ndege ni leo usiku, na umetupotezea siku."

Machozi yalinitoka. Nilikuwa nimekaribia kuwanyima maji watu ambao hata sijawahi kuwaona.

Wakavuta vistuli vya plastiki, wakakaa magoti yakigusana, wakaanza. Mungu wangu, ugomvi ule! Huyu anagonga meza, yule anatoka hadi mlangoni, anarudi. Yusuf akasema mwanawe mdogo ameogea kikombe kimoja cha maji msimu mzima wa joto. Dani akasema hilo hakuwahi kuambiwa. Hata kanisani sijawahi kuona watu wanaambiana ukweli namna ile na hakuna anayeondoka.

Mwishowe Dani akamwonyesha laoban kwa vidole: sanduku la swichi liwe na kufuli mbili, likae palepale kwenye chemchemi, ufunguo mmoja kila kijiji, na kila asubuhi wafungue pamoja.

"Na siku tukinuniana?" Yusuf akauliza.

"Wote tutashinda na kiu mpaka tuongee."

Yusuf akampa mkono. Mimi nikapiga vigelegele peke yangu, duka zima likanitazama tena.

Harusi bado nashenga, siwezi kuacha. Lakini watu wenye jambo lao zito, nimekoma: nawavutia viti, nawawekea chai, mdomo naufunga. Maneno makali ya Yusuf niliyaona machafu nikayaosha, kumbe ndani yake ndimo alimokuwa yule mtoto wa kuogea kikombe.