Sala Yangu ya Maneno Makubwa

Harufu ya mboga ya mlenda mkavu ikichemka hunirudisha kijijini Hombolo, nyumbani kwa mama mmoja jirani yetu. Mwanawe mchanga aliposhikwa na homa kali, mama huyo aliniita nimwombee mtoto, maana kanisani nilisifiwa kwa kusali vizuri. Nilipiga magoti, nikatumia maneno yote makubwa ya mchungaji, kisha nikafumbua jicho moja nione kama amevutiwa.

Hakuwa akinisikiliza. Alimkumbatia mtoto huku akirudia maneno mawili tu: “Bwana, nisaidie.”

Nikaikatisha sala yangu. Nikasema amina.

“Asante, mwanangu,” aliniambia. “Mungu amekusikia.”

Mtoto alipona. Jumapili, mama yule alishuhudia mbele ya waumini kwamba sala yangu ndiyo iliyomponya. Walipopiga vigelegele, nilisimama ili wanione.