Nafasi ya Shahidi wa Pili

Dada yangu alikuwa mke wa mtu ambaye hayupo. Mumewe alibaki Majunga, Madagaska, zile siku za mauaji ya Wakomoro, sisi tulipokimbia, na mwaka uliofuata, tuliporudishwa visiwani Komoro, hakuwemo kwenye ndege yetu wala kwenye nyingine yoyote. Wanaume wawili walimwona akiuawa, wakamzika kwa mikono yao nyuma ya ghala la mchele. Lakini kuona peke yake si kitu mbele ya kadhi mpaka kusemwe, na kusemwe na wawili. Bila hivyo dada hakuwa mjane. Hakuweza kukaa eda, na asiyekaa eda haolewi. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Wale wawili walisema. Walisema mjini Moroni, mbele ya karani wa kadhi, katika ofisi iliyofunguliwa kutuandikisha sisi tuliorudi, na mimi nilikuwepo. Desturi yetu ni kwamba shahidi wa pili haongezi wala hapunguzi. Mashahidi hukaa kwanza barazani, wakakubaliana maneno, kwa sababu kadhi akisikia mmoja anasema alasiri na mwenzake anasema kabla ya magharibi, atawarudisha wote wawili. Basi wa kwanza alisema sentensi nne, na wa pili akasema zile zile nne, neno kwa neno. Karani akaandika mara mbili, karatasi mbili, mwandiko mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na bado nazikumbuka sentensi zote nne.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Dada mwenyewe hakutaka. Alisema wamezika mtu mwingine, alisema mumewe ni mjanja na atatokea siku moja na mzigo wake kichwani. Akaenda kukaa Mutsamudu, kisiwani kwetu Nzwani, katika nyumba aliyoachiwa na mama, akangoja. Sisi tulimwacha. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aache kungoja.

Mimi nilibaki Moroni. Nilisomeshwa ng'ambo miaka miwili, nikarudi nikapewa kazi katika ofisi ile ile, safari hii nikiwa na ufunguo wa chumba pekee chenye kipoza hewa. Humo ndani ilikaa kompyuta. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na nyaya zake zilitoka ukutani kwenda kwenye meza za makarani sita, ambao wote walifanya kazi kwa wakati mmoja kwenye mashine moja. Watu walikuja kuichungulia dirishani. Wangazija, wenyeji wa Moroni, walinitania kwamba Mnzwani hawezi kuaminiwa na kisu cha jikoni, seuze mtambo kama ule. Nilicheka nao. Nilikuwa na kiburi kikubwa na sikukificha.

Makarani walichapa kila karatasi ya ofisi ndani ya mashine: waliozaliwa, waliokufa, walioacha nyumba Majunga, na ushahidi wote. Karatasi zenyewe ziliwekwa kwenye stoo ya nyuma. Kisha mamluki wa kizungu waliomlinda rais wakaitaka stoo kwa ajili ya redio yao. Hiyo ilikuwa miaka ambayo walichotaka walipewa, na mkuu wetu hakuuliza hata lini. Makaratasi yalitolewa kwa mikokoteni. Wiki iliyofuata nilinunua njugu sokoni, na zilikuwa zimefungwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtu. Niliudhika, lakini kidogo tu, kwa sababu niliamini kila kitu kipo ndani ya kabati langu.

Hapa sina budi kueleza mfumo endeshi ni nini, maana wengi husema kompyuta ilikosea wakati kompyuta haikufanya lolote ila ilichoambiwa. Mfumo endeshi ni ile programu inayoamka kwanza mashine ikiwashwa. Ndiyo inayojua kila faili imelala wapi kwenye diski, nani anaruhusiwa kuifungua, na nafasi kiasi gani imebaki. Wetu ulikuwa toleo la zamani. Ulijua diski moja tu. Hata ungeunganishiwa ya pili, usingeiona. Na ulikuwa umeikata diski hiyo vipande vya ukubwa mmoja, kila faili na kipande chake. Ushahidi wa kurasa tatu ulikaa kwenye kipande kimoja, na ushahidi wa sentensi nne nao ulikula kipande kizima. Hesabu yake ni rahisi, nami niliifanya mapema. Nikamwandikia mkuu kwamba diski itajaa. Akaagiza ng'ambo diski ya pili pamoja na toleo jipya la mfumo, lile linaloweza kuzifanya diski mbili zionekane kama moja. Tukaambiwa tusubiri meli.

Kabla ya meli wakaja mamluki. Walikuwa wawili, wenye sare nyeusi, na mmoja wao alijua kompyuta kuliko nilivyotarajia. Walitaka kuweka kwetu orodha ya kila anayeingia na kutoka nchini, nani alimpokea, na alilala nyumba ipi. Yule mjuzi aliniuliza nafasi iliyobaki. Nilimwambia. Akasema haitoshi, nipunguze, na akanipa hadi Alhamisi. Hakupaza sauti. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake akitikisa kichwa kukubali kila neno, na baada ya wao kuondoka aliniambia nisimletee balaa yeye mwenye watoto tisa.

Nilifuta kwanza takataka, zile faili za muda ambazo mfumo hujiandikia wenyewe. Hazikutosha. Ndipo nikakumbuka kero ya kila siku: umeme wa Moroni ukikatika, karani humsahau aliyekuwa akimchapa, ukirudi anaanza upya, na mtu mmoja anaingia mara mbili. Mashine ilijaa marudio ya namna hiyo. Nikaandika programu fupi. Niliiambia isome maneno ya kila ushahidi, na ikikuta faili mbili zinazofanana herufi kwa herufi, ibakize ya kwanza na ifute ya pili. Sikuiambia itazame jina la aliyesema. Niliona kazi hiyo itachelewesha, na ilikuwa Jumatano.

Ilifanya kazi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Nafasi iliyopatikana ilinishangaza. Sikujua makarani wangu ni wazembe kiasi kile. Nilikwenda kumwambia mkuu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mamluki walileta orodha yao Alhamisi na ikaingia yote.

Nilizaliwa katika watu wanaorudia maneno ya wenzao kwa makusudi, ili yawe kweli. Nilisimama mlangoni nikawasikia wakirudia. Nikasomeshwa, nikarudi, nikaiandikia mashine sheria kwamba anayerudia ni takataka. Hakuna mzungu aliyenifundisha hilo. Lilitoka kichwani mwangu mwenyewe.

Baada ya miezi kama minne, telegramu ikasema kasha letu limeshuka Mutsamudu, kwa kuwa meli kubwa hufunga gati huko, na Moroni zinaishia kutia nanga nje. Nilitumwa nikalichukue. Wapagazi wa bandari walilibeba watu wanne, nami nikawakemea njia nzima wasilitikise, mpaka mmoja akaniuliza kama ni jeneza la mume wangu.

Nililala kwa dada. Nilimkuta amepaka chokaa chumba cha juu. Kwetu mwanamume huingia nyumba ya mke, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa. Mchumba alikuwa mwalimu wa shule, mgane, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Dada alikuwa amefika miaka thelathini na saba. Aliniambia huku akianua kwenye kamba shiromani yake, nguo ya kujifunika, bila kunitazama, kwamba amechoka kuandaa sahani ya mtu aliyezikwa. Alikuwa amekwenda kwa kadhi. Kadhi amemwambia nakala za ushahidi wa Moroni zikija na muhuri wa ofisi, atazikubali kama walivyozikubali za wengine, atatoa hukumu, na eda itahesabiwa tangu siku hiyo.

"Ulisema mashine yako haisahau," akaniambia.

Nikamwambia haisahau. Nilisema nitamletea karatasi zote mbili kabla ya Maulidi.

Kuweka mfumo mpya kulinichukua siku tatu, na nitasema ukweli, zilikuwa siku za furaha. Ulipoamka ukaziona diski mbili, ukazihesabu kuwa moja, na faili zikajipanga upya kila moja kwa kipimo chake, ndogo kwa ndogo na kubwa kwa kubwa. Nafasi tupu iliyobaki ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilidhani nimesoma vibaya. Ofisi ile ingeweza kuandika visiwa vyote, walio hai na wafu, na bado isingejaa. Nikaketi, na kama zawadi kwangu mwenyewe nikaamuru itafute jina la shemeji yangu.

Ikaleta ushahidi mmoja.

Niliamuru tena. Niliandika jina la shahidi wa pili, mfumo ukajibu mara moja, bila kusitasita, kwamba hakuna mtu kama huyo. Nilielewa papo hapo. Sikupitia hatua ya kujiuliza, wala sikulaumu umeme. Nilitoka nikasimama ukutani kwenye jua, na karani mmoja akaniuliza kama nina homa.

Nakala zetu za akiba zilikuwa kwenye tepu mbili, zikipokezana kila Ijumaa. Miezi minne ni Ijumaa kumi na sita. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa juu tena na tena, na mimi ndiye niliyeziandika. Nikaenda Vouvouni alikokuwa akikaa shahidi wa kwanza. Alikuwa amekufa; mkewe akanionyesha kaburi na kunikaribisha chai. Wa pili alivuka bahari zamani; wengine walisema yuko kisiwa cha Maore, wengine Reunion, na wengine walisema mtumbwi wao haukufika. Nilituma barua nne. Mpaka leo sijui kama hata moja ilipokelewa.

Basi nikafanya kitu ambacho mtu yeyote angekifanya. Nilifungua faili mpya. Nikaandika jina la shahidi wa pili, na chini yake zile sentensi nne. Sikuzinakili; nilizichapa mwenyewe, kwa sababu nilizijua. Tarehe ya faili nikairudisha nyuma, na mfumo mpya ukakubali, kwani mimi ndiye niliyekuwa na ruhusa ya kila kitu. Nikachapisha karatasi mbili, nikazigonga muhuri. Hapakuwa na neno la uongo hata moja katika karatasi ile. Nilijiambia hivyo njia nzima ya baharini.

Dada alikuwa ameshasonga nywele na kuvaa tayari kwenda kwa kadhi. Ningempa karatasi na kunyamaza, na maisha yetu yote yangekuwa mengine. Lakini amenilea huyu, na aliponitazama usoni tu aliketi.

Nilimweleza. Sikuficha, hata ile programu nilimweleza, ingawa sikudhani angeielewa. Aliielewa vizuri kuliko mkuu wangu.

"Ipi ni ya mtu, na ipi ni yako?" akauliza.

Zilikuwa zimechanganyika mkononi mwangu. Nikamwonyesha jina. Akazisoma zote mbili pole pole, kidole chini ya kila neno.

"Maneno ni yale yale," nikasema. "Alisema hivi, dada. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Najua alisema. Na mimi nilimsikia." Akaikunja ile yangu mara mbili. "Lakini kila nitakapolala na mwalimu, nitakuwa nalala naye kwa karatasi yako. Siwezi."

Nilimsihi. Nilimwambia dhambi ni yangu, niachiwe mimi. Nilimwambia mamluki wana nafasi ya kuandika nani amelala wapi, na yeye hana nafasi ya sentensi nne. Nililia, na yeye ndiye aliyenibembeleza, akinipapasa mgongo kama zamani Majunga. Kisha akajifunika shiromani, akaichukua karatasi ya yule marehemu wa Vouvouni, tukaenda nayo hiyo moja.

Kadhi aliisoma, akaigeuza kuangalia nyuma.

"Na wa pili?"

"Hayupo, fundi," dada akajibu, kwani kwetu fundi ni mwanachuoni.

Kadhi alikuwa mtu mwema. Alisema atasubiri, akitokea shahidi wakati wowote mlango uko wazi. Alitusindikiza mpaka ngazini.

Mwalimu alingoja mwaka na nusu, halafu akaoa mtaa wa pili, na hakuna aliyemlaumu. Dada alikwenda kusaidia kupika. Mamluki nao wakaondoka mwisho wa miaka ile. Mashine iliendelea kufanya kazi muda mrefu baadaye, nikihakikisha kila Ijumaa kwamba nakala zake ni salama, na kila Ijumaa ikiniandikia kiasi cha nafasi iliyobaki, ambayo haikuwahi kupata wa kuijaza.

Dada sasa ni mtu mzima, meno yamepungua, ngazi anapanda kwa kukaa. Mwezi uliopita walikuja vijana wa sensa Mutsamudu, mimi nikiwa kwake. Msichana mmoja alimuuliza kama ameolewa, au ni mjane, au hajaolewa. Dada akanitazama kidogo tu, kisha akamjibu kwamba ameolewa, na mumewe hayupo nyumbani.