Nambari Ishirini na Saba

Sahihi tisa zilikuwamo, ya kumi haimo. Sijui Afiavi alikifungua kile kitabu chake cha bluu cha sahihi za masomo mara ngapi kwa siku. Alikifungua kwenye foleni ya mkate, alikifungua maabara huku chura aliyepasuliwa akimngoja mezani, alikifungua hata chooni. Kemia, sahihi. Anatomia, sahihi. Kilatini, ambacho Warusi wenyewe walikililia, sahihi tena ya wino mzito. Mazoezi ya viungo, patupu. Bila sahihi hiyo haruhusiwi kukaa kwenye mtihani wa Januari, na asipofanya mtihani hakuna mwaka wa pili. Kuna ndege ya kurudi Benin tu, na baba yake mzazi amesimama uwanjani anajifanya haoni aibu.

Labda mtu atadhani mazoezi ya viungo ni kuruka kamba. Thubutu! Katika mji ule wa kando ya Volga, mwaka ule wa 1985, msichana anayesomea udaktari alitakiwa ateleze kilomita tatu kwenye theluji kwa ski, mbele ya mwalimu, na afike. Afiavi aliuliza siku ya kwanza kabisa ski zinamponya nani. Mwalimu, Gennadi Savelyevich, mtu mfupi wa mashavu mekundu na filimbi shingoni, akamjibu papo hapo: "Huku kwetu, Hounkpe, mgonjwa wa kijijini hangoji barabara ifunguke." Jibu zuri, wala sibishi. Lakini kijijini kwa akina Hounkpe theluji haijaanguka tangu dunia iumbwe.

Mwaka wa kabla ya udaktari alikuwa Baku, kusini, akijifunza lugha. Huko alipata upepo na makomamanga, theluji akaisikia tu. Ilimkuta huku, Novemba, asubuhi moja alipofumbua macho akaona dari la chumba jeupe kwa mwanga wa nje, akadhani amechelewa darasa. Zoya Luzgina, mwenzake wa chumba, binti wa mlinzi wa reli, akamburuta mpaka uani, koti juu ya nguo ya kulalia. Mji mzima ulikuwa umenyamaza, hata magari yalipita kwa adabu. Afiavi akaichota theluji, akaionja. Haikuwa na ladha yoyote, jambo lililomuudhi kidogo, halafu akacheka mpaka wapita njia wakageuka. Siku tatu hizo hakuna aliyeipenda theluji kumshinda yeye. Siku ya nne wakampa ski.

Mbao mbili ndefu kumpita mwenyewe, rangi imebanduka, zinashikwa na chuma kwenye ncha ya kiatu tu huku kisigino kinaning'inia. Wewe unataka kwenda kushoto, ubao nao una safari zake. Somo la kwanza alianguka mara thelathini na moja. Zoya alihesabu, na alihesabu kwa upendo. Kila akianguka Afiavi alipiga kelele, "Yeee!", kama wapigavyo kwao, na kundi zima likaangua kicheko. Yeye naye akacheka, angefanyaje? Ilipofika wiki ya sita hakuna aliyegeuza hata shingo. "Mwafrika wetu kaanguka tena," watu walisema, wakaendelea zao. Afiavi akaendelea kucheka nao, ila usiku mashavu yalimuuma, na hakuwa na uhakika kama ni kwa baridi.

Wiki ya tatu ya Desemba hakukalika. Alianza kufua, akaacha nguo kwenye beseni. Alifungua kitabu cha kemia ukurasa mmoja, akainuka kutazama kipimo cha baridi dirishani, akarudi, akainuka tena. Chai aliipasha mara tatu na hakuinywa.

"Kaa chini basi, unanitia kizunguzungu!" Zoya akafoka kutoka kitandani. Alikuwa anakula mkate na mafuta ya nguruwe, miguu ukutani.

"Nikae vipi? Jumanne ndiyo mwisho. Jumatano saa sita majina yanapelekwa kwa mkuu wa kitivo."

"Si unateleza tu? Kilomita tatu! Mimi nilikuwa naenda shule mbali kuliko hapo, nina miaka saba."

"Wewe ulizaliwa na ski miguuni. Mama yako alipata taabu sana."

Zoya akacheka mpaka mkate ukampalia. Halafu akamtazama mwenzake juu mpaka chini, na Afiavi akajua kuna shari inapikwa.

"Jumanne itakuwa nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri," Zoya akasema. "Watu wote watajifunika mpaka machoni. Nipe koti lako jekundu, kofia yako, na ile shali yako ya zambarau. Mimi ni nambari nne, wewe ishirini na saba. Namaliza yangu, naingia bandani kunywa chai, natoka mimi ni wewe."

"Una wazimu. Mimi mweusi, Zoya! Kundi zima mweusi ni mimi peke yangu!"

"Ndiyo maana. Wakiona koti jekundu nani atatazama ndani? Kope zote zitakuwa nyeupe kwa baridi, hakuna Mrusi wala Mwafrika."

"Na unavyoteleza kama unafukuzwa?"

"Nitaanguka mara mbili pale mwanzoni. Kwa heshima yako."

Afiavi alikataa. Alikataa Jumamosi, akakataa Jumapili, na Jumatatu jioni akajikuta anaikunja shali ya zambarau na kuiweka juu ya kitanda cha Zoya. Wala simlaumu. Mtu mwenye sahihi tisa mkononi hawezi kuona sawasawa.

Jumanne mambo yalikwenda kama mchezo. Zoya alimaliza nambari nne kwa dakika kumi na tano, akaandikiwa, akaingia kwenye banda la ski, akavuliwa na kuvishwa nyuma ya rafu za viatu. Afiavi akabaki huko nyuma, amevaa koti la kijivu la mwenzake, amejibanza kati ya makoti yaliyoanikwa. Kupitia ufa wa mbao alimwona yule Afiavi wa koti jekundu akitoka nje, akifika kwenye mstari, akianguka chali hatua ya tatu.

"Yeee!" Zoya akalia. Aliiga vizuri mno.

Wakacheka wote. Gennadi Savelyevich akapuliza filimbi. "Haya, Hounkpe, Volga iko kushoto, usitupotelee!" Wakacheka tena. Kule bandani Afiavi hakucheka. Ndiyo mara ya kwanza alikiona kitu kile kutoka pembeni, na hakukipenda.

Akaanza kusubiri. Wakawa wanafika mmoja mmoja, na mwalimu anaita kwa sauti. Ishirini na nne. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Ishirini na nane. Afiavi akatazama saa: dakika kumi na nane. Labda Zoya anajichelewesha makusudi, hiyo ni akili. Ishirini na tisa. Thelathini, wa mwisho. Dakika thelathini. Akabadili mguu. Akakaa juu ya sanduku, akainuka, akakaa. Dakika thelathini na nane. Nje watu walikuwa wanakunywa chai ya chupa na kupiga soga, hakuna mwenye wasiwasi. Awe na wasiwasi wa nini? Ishirini na saba ni Afiavi, na Afiavi atafika jioni, kila mtu anajua.

Hapo ndipo alipoelewa. Angekuwa Zoya Luzgina amechelewa dakika kumi tu, wangekwisha kuondoka kumtafuta.

"Wewe!" Koti moja lilisogezwa pembeni, na Bibi Nyura, mlinzi wa banda, akatoa macho kama aliyeona jini. "Wewe si uko msituni? Nimekuona kwa macho yangu unaondoka!"

"Si mimi, bibi. Ni Zoya."

"Mama yangu!" Bibi Nyura akajishika kinywa. "Zoya? Zoya huyu mwenye mbio? Katoka tangu lini?"

Kabla Afiavi hajajibu, sauti ikaja kutoka ng'ambo ya misonobari, nyembamba, ya mbali. Baridi ile inabeba sauti vizuri. "Eeee!" Nje ya banda kijana mmoja akasema, "Sikilizeni, Mwafrika wetu kaanguka tena," na kicheko kikaenda mtu kwa mtu mpaka kwa mwalimu, naye akacheka, Afiavi alimwona kwa ufa.

Zoya haanguki. Na Zoya halii.

Akashika ski za kwanza alizoziona, akatoka mlango wa nyuma, akazifunga. Alitaka kumfikia mwenyewe, kimya kimya, wamalize mambo yao bila mtu kujua. Nawaambia ukweli, kitabu cha bluu kilikuwa bado kinamsemesha kichwani. Akasukuma fimbo, akaenda hatua tano, akaanguka. Akainuka, akaanguka kwenye uzio, akajikokota kwa magoti, ski zimepishana kama sindano za kufumia. Mita thelathini zilimla dakika nzima. Kelele ikaja mara ya pili, safari hii fupi zaidi, na upande wa pili wa banda wakacheka tena.

"Mpumbavu we!" akajitukana kwa lugha ya kwao. Akazing'oa ski, akazitupa, akalizunguka banda mbio, theluji ikimfika magotini, akatokea katikati ya watu wote na koti la kijivu na nambari nne kifuani.

"Ishirini na saba ni Zoya!" akapiga kelele. "Anayelia ni Zoya! Nilimwachia nambari yangu, mimi ndiye niliyeogopa! Acheni kucheka!"

Gennadi Savelyevich alimtazama, akatazama koti, akatazama saa yake. Rangi ilimtoka usoni. Alikanyaga ski zake na kutoweka kati ya misonobari, vijana wawili nyuma yake, na Afiavi akabaki amesimama, hajui aweke wapi mikono.

Walirudi baada ya robo saa, wamemlaza Zoya juu ya koti la mwalimu, wanalivuta kama kigari cha theluji. Alikuwa amejichelewesha makusudi mpaka nambari thelathini akampita, na kwenye mteremko wa mwisho ncha ya ubao iliingia chini ya mzizi uliofunikwa. Ubao ukakatika, na mguu nao juu ya kifundo. Mashavu yake yalikuwa na madoa ya baridi, meupe kama chokaa. Bibi Nyura akamvuta karibu na jiko, akampigia kelele, akambusu, akamlazimisha kunywa chai, akamtukana, yote kwa pumzi moja.

"Dakika nyingine ishirini, Luzgina," mwalimu akasema kwa sauti iliyokauka, "tungekuokota ukiwa gogo."

"Niliita," Zoya akasema. Meno yalimgongana. "Niliita, Gennadi Savelyevich. Nilikuwa nawasikia. Mlikuwa mnacheka."

"Tulidhani..." mwalimu akaanza.

"Najua mlidhani nini."

Vijana wakaangalia viatu vyao. Zoya akageuka akamtafuta Afiavi kwa macho, akampata karibu na mlango, na machozi yakaanza kumtoka, yeye binti wa reli asiyelia. "Kumbe ndivyo ulivyokuwa unatusikia, Afa? Wiki sita zote?"

Afiavi alikwenda akapiga magoti, akamshika mikono. Alikuwa na hasira iliyomshangaza mwenyewe, hasira ya wiki sita, na nusu yake ilikuwa ya kujikasirikia kwa kuwa alicheka nao. Alipoinuka alitoa kitabu cha bluu, akamwekea mwalimu mkononi, ukurasa wenyewe ukiwa wazi.

"Siwezi kukutilia sahihi, Hounkpe," Gennadi Savelyevich akasema taratibu. "Hujateleza."

"Sijakuomba sahihi. Kaa nacho. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa hapa, kilomita tatu, nambari yangu mwenyewe. Luzgina amevunjika mguu akifanya mazoezi, na hilo ndilo utakaloandika." Alivuta pumzi. "Na nikipiga kelele, uje."

Mwalimu alikifunga kitabu, akakitia mfukoni. "Nitakuja," akasema.

Kesho yake giza lilikuwa bado halijaondoka vizuri. Waliondoka wawili tu, mwalimu nyuma kwa mita hamsini kama alivyotaka Afiavi. Alianguka mara kumi na tisa na mara zote hizo akanyamaza, akainuka, akajipangusa, akaendelea. Alimaliza kwa saa moja na dakika arobaini na saba, muda ambao hata watoto wa chekechea wa mji ule wangeuonea haya, na sahihi ikaingia saa nne, saa mbili kabla ya majina kupelekwa. Kelele alipiga mara moja tu, kule kwenye mteremko wa mwisho, amesimama wima kabisa wala hajaanguka. Alitaka kuona. Gennadi Savelyevich akaja mbio, kofia imemwanguka njiani, na hakusimama kuiokota.